Wazee katika mashairi, na kifo kinachokaribia

Waseminari wetu wanapenda kutunga mashairi, na jambo hilo latufurahisha. Lakini wakitaka kuimba juu ya mzee aliyekufa, ao mzee anayekaribia kufa, karibu wote wanashika njia moja. Katika ubeti wa kwanza mzee ni mti mkubwa wenye kivuli. Katika ubeti wa pili jua linashuka nyuma ya mlima. Katika ubeti wa tatu malaika wanafungua mlango, na kazi imekwisha. Mwili wa mzee haumo hata kidogo: hakuna magoti yanayouma, hakuna mkono unaotetemeka ukipeleka tonge la bugali kinywani, hakuna usiku mrefu wa kukohoa. Tena mzee mwenyewe hasemi neno. Anasemwa tu. Mashairi ya namna hiyo yanasomwa kwenye matanga, watu wanalia, kisha karatasi inapotea, na tuseme kweli, hakuna mtu anayeitafuta.

Hatutaki kuwacheka wanaoyatunga. Wanayatunga kwa moyo mwema, na wengi wao wamejifunza namna hiyo kwa vitabu vya masomo. Twataka kuuliza tu kama mashairi yanaweza kufanya kazi nyingine, na kama yamekwisha kuifanya pengine.

Wala hili si jambo la darasani tu. Katika inchi yetu mzee anayekawia kufa hana usalama. Akizidi miaka, akizika watoto wake yeye akabaki, majirani wanaanza kusema kwamba anakula siku za wajukuu. Wanawake wazee, zaidi wajane, wamefukuzwa katika vijiji, wengine wamepigwa, wengine wameuawa, kwa sababu ya neno hilo la ulozi. Padri kijana atakuta mambo hayo mwaka wa kwanza wa kazi yake. Ataitwa pia penye vitanda vya wagonjwa wazee, na pale mti wenye kivuli na jua linaloshuka hazitamsaidia sana. Basi twafikiri si kupoteza wakati kuuliza watunga mashairi namna gani walimtazama mzee, na kama walimwacha aseme.

Tuanze na François Villon. Alizaliwa Paris mwaka 1431, akasoma katika chuo kikuu cha mji ule mpaka akapata cheo cha maître ès arts, kisha akaingia katika ugomvi na wizi. Mwaka 1455 alimjeruhi padri mmoja, na padri yule akafa. Mwaka 1463 walimfukuza Paris kwa miaka 10, na nyuma ya hapo habari zake zimepotea. Si mtu wa kuwekwa mbele ya waseminari kama mfano wa maisha. Lakini katika kitabu chake kikubwa, Le Testament, ndiyo kusema Wasia, alichokiandika karibu na mwaka 1461 akitoka gerezani akiwa na miaka 30 tu, mna wanawake wazee wawili. Wasomaji wengi wanamjua mmoja. Sisi tungependa watazamwe wawili pamoja.

Wa kwanza ni yule aliyekuwa zamani mwanamke mzuri sana, wa duka la kofia za chuma za askari. Sasa ni kikongwe. Anaukaripia uzee kwamba umemjia upesi mno. Anamkumbuka mwanaume aliyempenda, mtu mkorofi aliyempiga na kumnyang'anya mali, aliyekufa zamani, na bado anampenda. Kisha anauhesabu mwili wake tangu kichwa mpaka miguu: kwanza namna ulivyokuwa, halafu namna ulivyo sasa. Paji la uso, nywele, macho, pua, masikio, midomo, mabega, na kushuka chini. Hakuna kinachosamehewa.

Watu husema kwamba hapa Villon alionyesha uzee kwa ukweli kupita wote. Sisi twakubali nusu. Ni kweli kwamba mwanamke yule anasema kwa kinywa chake mwenyewe, na hilo ni jambo kubwa. Lakini sikilizeni vizuri namna anavyohesabu. Ndiyo hesabu ya mwanaume anayenunua. Mwili umewekwa kama vitu juu ya meza ya sokoni, kimoja kimoja, na bei yake ya jana na bei yake ya leo. Mtunga shairi wa miaka 30 ameingia kinywani mwa kikongwe ili kutisha wasichana, na mara wasichana wenyewe wanatajwa: katika shairi linalofuata kikongwe anawashauri watumie uzuri wao mbele haujakwisha. Twasema hivi: uzee hapa umekuwa fimbo.

Mahali pamoja tu fimbo inaanguka mkononi mwa Villon. Ni mwisho wa maombolezo yale, anapowaonyesha vikongwe wakichuchumaa pamoja, wamekunjamana kama mabunda ya nguo, mbele ya moto mdogo wa mabua usiodumu. Pale hakuna tena hesabu. Kuna baridi, kuna wenzake, kuna moto usiotosha. Anayejua nyumba za wazee wetu milimani kule Kivu wakati wa mvua anaujua moto ule.

Mwanamke mzee wa pili ni mama yake Villon. Katika Wasia ule mwana hana mali ya kumwachia. Anamwachia shairi, sala kwa Bikira Maria, na katika sala ile mama ndiye anayesema. Anajitambulisha kwa maneno machache: ni mwanamke maskini, mzee, hajui kusoma hata herufi moja. Yote anayoyajua juu ya mbingu na moto wa milele ameyaona kwa macho katika kanisa la parokia yake, kwa kuwa yamechorwa ukutani. Upande mmoja amechorwa paradiso pamoja na vinubi. Upande mwingine watu waliopotea wanachemshwa. Picha moja inamletea woga, nyingine furaha. Basi anamwomba Mama wa Mungu ampatie ile ya furaha.

Hapa hakuna ngozi iliyokunjamana, hakuna jino lililong'oka. Hata hivyo twamwona mzee kupita yule wa kwanza. Kwa nini? Kwa sababu anatazama. Yule wa kwanza anatazamwa, hata anapojitazama mwenyewe. Huyu ana macho yake, na yanatazama ukuta, na ukuta unamhusu. Kifo kimekaribia, naye anapima safari yake kwa picha mbili. Tumewasikia kina mama wazee katika parokia zetu wakieleza Njia ya Msalaba kutoka kituo mpaka kituo bila kitabu, kwa sababu wameitazama picha kila Ijumaa ya Kwaresima kwa miaka 40. Mtu akitaka kutunga juu yao, mwalimu wake ni huyu mwizi wa Paris.

Kuna jambo dogo la ufundi ambalo wengine hawalioni. Herufi za kwanza za mistari sita katika ubeti wa mwisho wa sala ile zinaandika jina VILLON. Mama asiyejua herufi anasali, na mwana ameficha jina lake chini ya miguu ya sala ya mama. Tena mwana huyo ndiye mgonjwa, aliyetoka gerezani, anayeandika wasia. Mama yake bado ni mzima. Tunasoma sala ya mzee ajiandaaye kufa, na huenda anayeogopa zaidi ni kijana anayeiandika.

Tunapita kwa Pierre de Ronsard, ambaye wasomaji wetu wanamjua kwa masomo. Nani kati yetu hakukariri shairi lile ambamo anamwambia Hélène kwamba siku moja atakuwa mzee, jioni, karibu na moto, akisokota nyuzi kwa mwanga wa mshumaa, na atajuta? Lilitoka mwaka 1578 katika Sonnets pour Hélène. Hélène de Surgères alikuwa binti wa jumba la malkia Catherine de Médicis, naye Ronsard, aliyezaliwa mwaka 1524, alikuwa amezidi miaka 50. Shairi ni zuri sana, hatubishani. Lakini tazameni tena: kikongwe aliye karibu na moto ni msichana aliyevikwa uzee kwa nguvu, kama mtoto anayevikwa koti la baba yake katika mchezo wa kuigiza. Amevikwa ili akubali mapendo leo. Na mzee wa kweli katika chumba, yaani Ronsard mwenye mvi na aliyepungukiwa masikio tangu ujana, anajiweka wapi? Chini ya udongo, roho isiyo na mifupa, amepumzika. Ameuruka uzee wake mwenyewe! Amempa Hélène uzee, yeye amejitwalia kifo kizuri.

Miaka 7 ikapita. Mwaka 1585 Ronsard hawezi tena kuuruka. Ugonjwa wa viungo unamtesa, usingizi umemkimbia, anahamishwa huku na huku, mwishoni anapelekwa kwenye priori yake ya Saint-Cosme karibu na Tours, na pale anakufa tarehe 27 Desemba. Kwani alikuwa mtu wa Kanisa, mwenye cheo cha prior, ingawa wengi wanaolikariri shairi la Hélène hawakuambiwa. Katika miezi ile ya mwisho mashairi machache yalitoka kinywani mwake, wengine wakayaandika, yakapigwa chapa mwaka 1586 kwa jina la Derniers vers.

Ndani yake waridi hazimo. Mna usiku wa baridi usiokwisha, na mtu anayegeuka kitandani, anayeomba usingizi kama mwombaji anavyoomba mkate. Mna mtu aliyebaki mifupa, anayeogopa kuitazama mikono yake asitetemeke. Anawaweka pembeni Apollo na mwanawe mganga, miungu ile ya Wagiriki aliyoiimba maisha yote: hawakuweza kumponya. Kisha wanaingia marafiki. Wanalia kwa kumwona, wanamfuta macho. Na yeye, badala ya kuwatisha, anawaaga kwa upole na kuwaambia kwamba anatangulia kuwatayarishia nafasi. Kila mkristu anatambua ni nani aliyesema hivyo mbele yake, mezani, usiku ule wa mwisho.

Kwa maoni yetu shairi hilo moja lina uzito kupita mashairi yake mengi ya mapendo, na kosa la vitabu vya shule ni kumwacha Ronsard palepale kwa Hélène. Mwanafunzi anafunga kitabu akifikiri kwamba uzee ni jambo la kuwatishia wanawake. Hajui kwamba yule aliyetisha alifikishwa mahali pale mwenyewe, na kwamba alipofika lugha yake ilibadilika. Si kwamba aliacha ufundi: mistari ni 14 kama kawaida, vina vimekaa mahali pake. Lakini sasa ufundi unashika kitu kizito, kama mikono ya wachukuaji inavyoshika machela.

Wengine watatuambia: Ninyi mwasifu mifupa na kukohoa, lakini mkristu hatazami mifupa, anatazama ufufuko. Ndiyo sababu mashairi yetu yanapita upesi mpaka mlango wa malaika. Twajibu kwamba Bwana wetu Yezu Kristu alijua vizuri kwamba atamfufua Lazaro, na hata hivyo alilia kaburini. Nyuma ya Pasaka alimwonyesha Toma makovu, hakuyafuta. Tena mtazameni Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Wimbo wake wa kumsifu Mungu kwa ajili ya jua aliutunga mwaka 1225 pale San Damiano, wakati macho yake yalipokuwa yameugua hata hayakuweza kuvumilia mwanga. Ubeti wa kifo, anachokiita dada, aliuongeza mwaka 1226, mwaka ule aliokufa. Tunaouimba wimbo ule na gitaa tunafikiri ni wimbo wa kijana mwenye afya anayetembea katika maua. Alikuwa na miaka karibu 44, lakini mwili wake ulikuwa wa mzee. Hakupita upesi mpaka malaika.

Maandiko Matakatifu nayo hayaogopi mwili. Wasomaji watafungua kitabu cha Mhubiri, sura ya 12. Pale uzee unaonyeshwa kama nyumba: walinzi wanatetemeka, wanawake wasagao wamepungua, wanaotazama dirishani wanaona giza, milango ya njia imefungwa. Walimu wa Wayahudi wa zamani, na Mtakatifu Yeronimo pamoja nao, walieleza kila kitu kwa viungo vya mwili: wasagao ni meno, wanaotazama ni macho, mlozi uliochanua ni mvi. (Mlozi huo ni mti wa matunda wa inchi zile, si mlozi tunayemwogopa sisi!) Maelezo hayo yanafaa kwa katekisimu. Lakini yana hatari moja, kwamba yanageuza shairi kuwa vitendawili. Ukipata jibu umemaliza: meno ni meno, twende mbele.

Wengine siku hizi wanaisoma sura ile kwa namna nyingine. Wanasema ni kijiji siku ya mazishi: kazi imesimama, milango imefungwa, waombolezaji wanapita njiani, mtu anakwenda nyumbani kwake pa milele. Sisi hatuoni lazima ya kuchagua. Tazameni jambo la sauti ya kusaga, ambayo Mhubiri anasema imekuwa ndogo. Je, wasagao wameacha kazi juu ya kilio, ao sikio la mzee ndilo lililopungua? Shairi halisemi, na hapo ndipo uzuri wake. Wazee wetu wanajua jambo hilo. Asubuhi mzee amekaa mlangoni, zamani alisikia vinu vya kijiji kizima, leo anasikia kimoja, naye hawezi kujua kama ni kijiji kinachokufa ao ni yeye. Mtu akitia neno «meno» juu ya mahali hapo, ameziba dirisha.

Na sisi Waafrika tumesema nini? Kuna neno la Amadou Hampâté Bâ, Mwafrika wa Mali, alilolisema Paris mbele ya UNESCO mwaka 1960, akifananisha kufa kwa mzee na kuungua kwa nyumba ya vitabu. Limekuwa methali dunia nzima; latajwa katika kila hotuba. Yeye alilisema juu ya jambo la haraka, kwani hadithi na historia za mababu zilikuwa hazijaandikwa, na alikuwa na haki. Lakini limetumiwa mno, na likitumiwa mno linaleta madhara. Kwani kama mzee ni nyumba ya vitabu, twampenda kwa sababu ya vitabu. Na mzee aliyesahau? Kuna kambo anayemwita mjukuu wake kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, anayeuliza mara kumi kama watu wamekula. Vitabu vimekwisha kuungua, na yeye bado yupo, ana njaa, anasikia baridi. Methali ile haina neno la kumwambia. Hatujapata shairi la Kiafrika linalomtazama yeye kwa kutosha, na twafikiri anayetafuta jambo la kutunga asitafute mbali.

Vilevile shairi la Birago Diop wa Senegal, lile liitwalo Souffles, ambalo vijana wanalisoma kwa sauti kubwa siku za sikukuu. Linafundisha kwamba wafu hawakwenda, wamo katika maji, katika miti, katika pumzi ya vitu. Ni shairi lenye nguvu, tena msomaji mkristu anaweza kulipenda bila kukubali kila neno. Lakini angalieni kwamba linaanza mtu amekwisha kufa. Kati ya siku alipoweka jembe chini na siku alipoingia katika upepo pana miaka 10 ao 15 ya kukaa barazani, na miaka hiyo shairi halikuiona. Tumekuwa hodari kuheshimu mababu. Kumheshimu babu akiwa bado anakojoa kitandani ni kazi nyingine, na mashairi yetu hayajaianza sawasawa.

Basi tumsikilize mwanamke mmoja wa pwani. Lugha hii tunayoiandika ilifika kwetu Kongo karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, na misafara ilileta pia maovu makubwa yasiyosahauliwa. Lakini lugha yenyewe ilikuwa na mashairi yake, na ni haki yetu kuyarithi. Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate karibu na mwaka 1810. Mume wake, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alikufa mwaka 1856. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa beti zaidi kidogo ya mia moja, kila mstari mizani nane. Nyuma ya miaka michache alikufa. Alikuwa Mwislamu, na utendi wake ni wa Kiislamu toka mwanzo mpaka mwisho.

Wengi wanausoma kama kitabu cha kufundisha wake namna ya kutumikia mume, na kwa sababu hiyo siku hizi wengine wanaukasirikia. Hasira yao twaielewa. Kuna mafundisho mle ambayo hatungeyaweka mbele ya wanandoa wakristu wa leo. Lakini twafikiri upande zote mbili zimesahau kitanda. Mwanamke huyu anasema amekuwa mgonjwa mwaka mzima na hakupata nafasi ya kumwambia mtoto neno. Anamwita akaribie. Anamwomba alete wino na karatasi. Beti zote za nyumba, za usafi, za kumpepea mume, za adabu mbele ya wakubwa na wadogo, zinasemwa na mtu ambaye pumzi yake imehesabiwa, naye anajua. Kifo chenyewe hakitajwi sana. Kipo katika haraka ya maneno. Ni kama mama anayesafiri alfajiri, usiku anaonyesha funguo: hii ya ghala, hii ya sanduku, usisahau maji.

Tena kuna mahali anapokumbuka ndoa yake mwenyewe na kufa kwa mume, namna gani mume yule alikufa akiwa radhi naye. Mtu anayetaka kujua mjane anayekaribia kufa anafikiri nini usiku, asome hapo. Kisha zinakuja sala zake: kwa watoto, kwa ndugu, kwa nafsi yake ipone. Ndiyo, anaomba kupona! Amekwisha kutoa wasia, na bado anaomba kupona. Waseminari wetu wangeona haya kuandika hivyo. Wangesema imani imepungua. Kumbe mgonjwa anaomba mambo mawili pamoja, na padri aliyekaa kitandani mwa mgonjwa anajua kwamba ndivyo.

Tukimlinganisha na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtu wa Pate vilevile, aliyeishi mbele yake, twaona tofauti. Al-Inkishafi ni shairi kubwa kwa ufundi, twalistaajabia: majumba ya matajiri yamebomoka, popo wanalia mahali palipowaka taa, na mtunzi anaukemea moyo wake uamke. Lakini ni kifo cha mji, kifo cha wote. Mwana Kupona anakufa peke yake, katika chumba kimoja, mbele ya mtoto mmoja mwenye kalamu. Kwa kazi yetu sisi tunamhitaji zaidi yeye.

Tunabakiza shairi moja, na ndilo tunalolijua kuliko yote, kwani tunalisali kila usiku katika sala ya mwisho ya siku, ile inayoitwa Completorium: wimbo wa Simeoni, sura ya pili ya Injili ya Mtakatifu Luka. Vijana wa miaka 20, wenye usingizi, wanasema maneno ya mtu anayeomba ruhusa ya kuondoka duniani, kisha wanaenda kulala na kesho wanacheza mpira. Hatusemi kwa kuwalaumu. Kanisa limetaka hivyo, na limefanya vema: maneno yanawekwa mapema kinywani ili yawepo siku yatakapohitajiwa.

Lakini ni wangapi wameona kwamba Luka hakusema Simeoni ni mzee? Someni tena. Anasema alikuwa mwenye haki, mcha Mungu, mwenye kungoja, na kwamba Roho Mtakatifu alimwahidi hatakufa mbele ya kumwona Kristu. Ndevu nyeupe na mgongo uliopinda ni wachoraji waliozileta. Uzee tumeusikia katika wimbo wenyewe, katika namna anavyojiita mtumwa na kumwita Mungu bwana mwenye mamlaka, kama askari wa zamu aliyekesha na sasa ameona wa kumpokea. Miaka yake haikuandikwa, na wasomaji wote tangu zamani wamemwona mzee.

Anayehesabiwa miaka ni Ana, binti Fanueli, palepale hekaluni. Luka anaandika kwa usahihi kabisa: aliishi na mume miaka 7, kisha akawa mjane mpaka 84. Alifunga, alisali usiku na mchana, na saa ileile akafika, akamshukuru Mungu, akasema habari za Mtoto kwa wote waliongojea ukombozi. Simeoni ana wimbo bila miaka. Ana ana miaka bila wimbo. Maneno yake Luka hakuyaandika.

Mseminari anayetaka kutunga, atunge hayo. Asianze na mti wala na jua. Aanze na mwanamke wa miaka 84 anayetembea kwa shida juu ya mawe ya hekalu kwa sababu amesikia sauti ya mtoto mchanga, na amwache aseme yeye.